Jalada Lilikuwa Mahali Pake

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza kazi serikalini leo. Daftari hili amelinunua baba. Anasema hajawahi kusikia balozi asiyeandika shajara, na ameapa kwamba hatalifungua. Haya baba, ukurasa wa kwanza huu.

Miaka minne nimeingoja siku hii. Nilidhani nitalia, au nitacheka peke yangu njiani. Wapi! Nimeamka, nimeoga, nimevaa suti ya sketi aliyonishonea baba. Yeye ni fundi cherehani, na ameacha kitambaa cha ziada kwenye mishono kwa sababu anasema mabalozi hunenepa. Majirani walikuwa wamesimama vibarazani mwao, naye akawatangazia, "Mheshimiwa anatoka!" Nikawapungia mkono chini ya mwavuli. Sikusikia kitu moyoni. Nilikuwa kama mtu anayepungiwa kwa makosa.

Nimepangiwa Kitengo cha Raia Walio Nje, ghorofa ya tatu. Mkurugenzi Msaidizi aliiangalia barua yangu ya ajira, akauliza, "Shahada ya nini?"

"Uhusiano wa kimataifa, mkuu."

"Vizuri sana. Unajua kutoboa karatasi?"

Nikadhani ni utani. Akanisukumia mashine ya kutobolea na rundo la barua. Nimetoboa mpaka saa kumi. Tasnifu yangu ilihusu mizani ya nguvu kati ya mataifa makubwa.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimetoboa.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimepelekwa masjala kufundishwa. Masjala ni chumba kirefu mwishoni mwa ukumbi, makabati pande zote mbili, na katikati amekaa karani mwanamke aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Ofisi nzima humwita Bi Folio, kwa sababu folio ni namba inayoandikwa juu ya kila karatasi ya jalada na yeye anazijua kama watu wanavyojua majina ya wajukuu. Mimi ameshanibatiza. "Karibu, Digrii," alisema. "Kaa hapo, nikutoe ushamba."

Akanipa sheria moja baada ya nyingine. Karatasi haitolewi ndani ya jalada hata na waziri. Wino mwekundu si wako. Jalada halibebwi chini ya kwapa. Na dokezo, yaani maoni unayoandika ndani ya jalada, lazima mwisho wake uandike jina la anayefuata kulipokea. "Dokezo lisilo na jina la mbele, mimi nahesabu kwamba shughuli imekwisha," alisema. "Nalichukua, nalirudisha kabatini, linalala. Nisije nikalaumiwa."

Nilizinakili zote kumi na nne. Nimecheka kidogo nilipofika ya kwapa.

Mkurugenzi Msaidizi naye ana jina: Koma. Ukimpelekea barua ya kurasa tano haongezi neno, hapunguzi neno, anasogeza koma tu. Si mtu mbaya. Anaonekana kama mtu ambaye hajalala vizuri tangu ujana.

Nipo kwenye majaribio ya miezi mitatu. Mwisho wa Mei fomu yangu itapita kwa Koma, anithibitishe au aniachishe kazi. Nikiachishwa, ni kurudi kibarazani kwa baba kushona vifungo. Alinikumbusha leo wakati wa kula, kwa upole, kwamba macho yake yanazidi kufifia.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Viatu havikauki.

Alhamisi, 14 Machi

Alhamisi ni siku ya wananchi. Wanaruhusiwa kupanda mpaka mapokezi ya ghorofa yetu, na leo nimewekwa mimi kuwapokea, maana mwenye zamu ana mafua.

Alikuja mama mmoja, mfupi, mikono imechubuka hadi viwikoni. Ni dobi wa hospitali, anafua mashuka. Mwanawe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, akaenda nje kwa mkataba, akaanguka kutoka kwenye jengo alilokuwa akijenga. Mwili uko hospitali ya huko. Barua ya ubalozi wetu imeingia jana: mwili utahifadhiwa siku sitini kuanzia tarehe nane Machi. Katika siku hizo kampuni iko tayari kuusafirisha, lakini serikali ya huko inataka barua mbili, ridhaa ya mzazi na ombi rasmi la wizara yetu. Zisipofika hadi tarehe saba Mei, manispaa ya huko itamzika yenyewe.

Nilimweleza yote polepole. Aliniuliza, "Ndiyo kusema nikisaini leo, sehemu yangu nimemaliza?"

"Umemaliza, mama. Inayobaki ni yetu."

Akachukua kalamu akaandika jina lake kwa herufi kubwa, akalikagua, akaongeza nukta mwishoni. "Nisije nikaambiwa haikukamilika," alisema.

Nilimpa pole. Ilitoka vizuri, kwa sauti inayotakiwa. Ndani palikuwa kimya. Nimekuwa hivi tangu ile miaka ya kungoja. Nilijizuia kutumaini mpaka na mengine yakazimika.

Alhamisi, 21 Machi

Zamu ya mapokezi imebaki kwangu. Mama dobi amekuja. Koma yuko safari ya kikazi, hatarudi kabla ya mwisho wa mwezi. Nimemwambia asubiri. Amesema, "Haya mwanangu, ninyi ndio mnaojua."

Alhamisi, 28 Machi

Amekuja tena. Bado safari. Ameketi kidogo kukausha miguu, akaenda zake kazini.

Jumanne, 2 Aprili

Koma amerudi. Kuna ubishi: idara ya sheria inasema ombi liandikwe na ubalozi, ubalozi unasema liandikwe na wizara. Amenipa jalada la fundi mkononi. "Wewe si ndiye msomi wa haya mambo? Niandikie ushauri."

Nilikaa nalo mezani nikaliangalia muda mrefu kabla ya kulifungua. Karatasi kumi tu. Ya nane ni ridhaa ya mama, na ile nukta yake.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimeandika dokezo la kurasa tatu. Leo nina la kusema, ewe daftari!

Nimepitia mikataba ya uhusiano wa kibalozi, nimeonyesha kwamba ombi la kusafirisha maiti linaweza kutoka kwa serikali moja kwenda nyingine moja kwa moja, nimevunja hoja za idara ya sheria moja moja, kwa adabu. Nimeambatisha na rasimu ya barua yenyewe, ikingoja sahihi tu. Nilipofika ukurasa wa tatu nilisikia uso unapata joto. Ndiyo kazi niliyoisomea, jamani! Nilimalizia kwa sentensi nzuri kuhusu heshima ya dola kupimwa kwa namna inavyowarudisha watu wake nyumbani. Nikaweka sahihi, jina, cheo, tarehe. Nikalisoma mara mbili, nikaliweka kwenye trei ya majalada ya kutoka.

Mama dobi alikuwa bado mapokezi. Nikamwambia, "Mama, limekwenda kwa wakubwa. Nimeliandika mwenyewe." Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa ya moto, ametoka kwenye maji ya mvuke.

Baba ameniuliza mbona leo nina uso wa furaha. Nikamwambia nimeandika kitu kizuri.

Jumatatu, 8 Aprili

Furaha ile imekwisha. Ilidumu hadi Jumamosi asubuhi.

Alhamisi, 11 Aprili

Mama dobi. "Lipo kwa wakubwa, mama."

Jumatano, 17 Aprili

Paa la masjala limevuja. Tumekuta makabati ya mstari wa kwanza na wa pili yanatiririka, Bi Folio amesimama juu ya kiti na ndoo, anapiga kelele kana kwamba watoto wake wanazama. Kutwa nzima tumekuwa tukitandaza majalada mezani na kuyapepea. Koma mwenyewe alivua koti akapepea. Bi Folio akamwambia, "Mkuu, leo ndiyo umefanya kazi," naye akacheka mpaka akakohoa.

Nimeshukuru kwamba jalada la fundi liko mezani kwa Koma, mahali pakavu.

Alhamisi, 18 Aprili

Mama dobi. Alitaka kujua kama mvua hii ya kwetu inaweza kuchelewesha barua. Nimemwambia hapana.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimetoboa. Nimekula. Nimelala.

Alhamisi, 25 Aprili

Siku hizi haulizi. Anakuja, ananiangalia, mimi natikisa kichwa, yeye anaitikia kwa kichwa, tunaagana. Mlinzi wa mlangoni ametutania kwamba tunazungumza kama mabubu. Leo aliniachia salamu za kumpelekea baba, ambaye hamjui.

Alhamisi, 2 Mei

Imebaki chini ya wiki. Leo nilijikaza nikamsimamisha Koma ukumbini. "Mkuu, samahani, lile la fundi wa kuchomelea..."

"Lipo kwenye mchakato," alisema, wala hakusimama. Mkononi alikuwa na majalada sita, na mawili chini ya kwapa.

Ningeweza kumfuata. Ningeweza kusema mkuu, mchakato upi? Lakini afisa wa majaribio hamkimbizi mkubwa ukumbini. Nikarudi mezani. Nimeridhika, au nimechoka; siku hizi sioni tofauti.

Nikamwambia mama dobi, "Lipo kwenye mchakato." Akalirudia lile neno mdomoni, polepole, ili alikumbuke akiulizwa nyumbani.

Jumanne, 7 Mei

Leo ni siku ya sitini. Nadhani wameshaandika. Wakubwa wana njia zao, simu hupigwa, mambo yakaisha. Mvua tangu asubuhi.

Alhamisi, 9 Mei

Mafuriko barabarani, wananchi hawakufika. Mama dobi pia.

Ijumaa, 10 Mei

Naandika nikiwa nimeketi kitandani, bado na suti.

Saa tatu asubuhi iliingia barua ya ubalozi kwa faksi. Nimeisoma mimi, maana ndimi ninayefungua barua. Inasema kwamba kwa kuwa muda uliowekwa ulikwisha bila ombi kupokewa, manispaa imemzika yule fundi jana asubuhi, kaburi namba fulani, mtaa fulani wa makaburi. Imeandikwa kwa adabu kabisa.

Nikaipeleka masjala iunganishwe. Bi Folio akasema, "Lete jalada lake."

"Liko kwa mkuu."

Akapiga simu. Koma akasema halipo kwake, lipo kwangu. Nikasema kwangu halipo tangu tarehe nne ya mwezi uliopita. Bi Folio, aliyekuwa akitafuna karanga, akaacha. Alinyanyuka, akaenda kabati la mstari wa sita, akapeleka kidole, akarudi. Hata nusu dakika haikupita.

Halikupotea. Hilo ndilo linalonishinda. Halikuloa, halikuchanika, halikuibwa, hakuna aliyelikalia. Jalada lilikuwa mahali pake, katika mpangilio wa namba, safi. Akalifungua mwishoni: kurasa zangu tatu, mwandiko wangu bora, sahihi, jina, cheo, tarehe. Na chini ya hapo, mahali pa kuandika jina la anayefuata, weupe mtupu.

"Nililirudisha kwa mkono wangu," Bi Folio alisema. "Halikuwa na jina. Nilidhani limekwisha." Akaketi. "Ala! Mwanangu. Nilikwambia."

"Uliniambia."

Kwa siku thelathini na tatu lilikaa pale, hadi muda ukaisha. Ile siku ya paa tulipokuwa tunapepea, lilikuwa hatua nne kutoka nilipokuwa nimesimama nikishukuru kwamba limepona. Kulikuwa na rasimu ndani, inangoja sahihi tu. Koma alidhani ninalo mimi, mimi nilidhani analo yeye, Bi Folio alidhani limekwisha. Sote watatu tumekuja kazini kila siku kwa wakati.

Nimeandika sentensi nzuri kuhusu heshima ya dola nikasahau kuandika jina la mtu anayekaa chumba cha tatu kutoka changu.

Nangoja nilie. Nimengoja tangu mchana. Baba amegonga mara mbili kuniita kula. Nimekwenda, nimekula, nimemaliza sahani.

Jumatatu, 13 Mei

Koma aliniita akafunga mlango. Uso wake ulikuwa umesawijika. Nilitegemea kufokewa, na ingenisaidia. Hakufoka.

"Mimi nilipaswa niulize. Sikuuliza," alisema. "Na ulinisimamisha ukumbini, nakumbuka. Wewe ulipaswa uandike jina. Hukuandika. Sasa maji yamemwagika." Akanipa karatasi. Ilikuwa barua ya kumpa mama dobi, ameiandika mwenyewe: Wizara inasikitika kukufahamisha kwamba mamlaka za nchi husika zimekamilisha taratibu za maziko ya marehemu kwa mujibu wa sheria zao.

Niliisoma mara tatu nikitafuta sisi tupo wapi ndani yake. Hatumo.

"Si uongo," alisema, kama aliyenisikia.

"Si uongo, mkuu."

"Fomu yako inakuja mezani kwangu mwisho wa mwezi. Nami nina watoto watatu shuleni. Tusifukue yaliyozikwa."

Kisha akasikia alichosema. Akashika paji la uso. Nikatoka.

Alhamisi, 16 Mei

Amekuja. Alikuwa amesahau miwani, akaniomba nimsomee. Nikamsomea, kwa ile sauti ya kazi, koma zote mahali pake.

"Yaani wamemzika?"

"Ndiyo, mama. Pole sana."

"Bila mimi."

"Ndiyo."

Alikaa. Nilimletea maji, hakunywa, alishika bilauri tu. Kuna wakati alifungua mdomo kama anayetaka kupiga yowe, akatazama watu waliokuwa wakingoja kwenye benchi, akaufunga. Alipomaliza kukaa, alisimama akanishika bega.

"Wewe umehangaika," alisema. "Kila Alhamisi nakukuta hapa, hujanifukuza hata siku moja. Nimezunguka ofisi nyingi, najua watu wanavyonyanyaswa. Asante sana, mwanangu. Mungu akulipe."

Nikajibu, "Amina."

Nimeandika hilo ili libaki limeandikwa. Nilijibu amina.

Ijumaa, 17 Mei

Hakuna.

Jumatatu, 20 Mei

Bi Folio haniiti Digrii tena. Ananiita kwa jina langu la cheti, na ananipa majalada kwa mikono miwili kama anayempa mgonjwa uji.

Alhamisi, 23 Mei

Sikutegemea kumwona. Amekuja na miwani leo, na ile barua imekunjwa mara nne.

"Mwanangu, kazi yangu mimi ni kuhesabu," alisema. "Mashuka yanaingia mia mbili, lazima yatoke mia mbili. Likipungua moja siondoki. Sasa nimehesabu. Nilisaini tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu. Mpaka tarehe saba ya mwezi wa tano ni siku hamsini na nne. Hao watu wa huko sina ugomvi nao, walisema sitini, wakangoja sitini. Mimi nauliza hapa kwetu. Siku hamsini na nne barua yangu ilikuwa wapi?"

Hakuwa ananituhumu. Alikuwa ananiuliza kama mtu anavyomuuliza wa nyumbani kwake, maana mimi ndiye mtu wake humu ndani.

"Nitaulizia, mama," nilisema.

"Ulizia basi. Alhamisi ijayo nitakuja."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imebaki wiki moja. Na fomu inasainiwa Jumatano. Nimezihesabu siku hizo mbili zinavyofuatana, Jumatano kisha Alhamisi, na nimejua saa ileile nitakachofanya. Sitajidanganya humu. Nitangoja Jumatano ipite.

Jumapili, 26 Mei

Mvua imepungua. Baba anashona suti ya pili.

Jumatano, 29 Mei

Nimethibitishwa kazini. Koma alisaini mbele yangu, akanipa mkono bila kuniangalia. "Hongera. Utafika mbali." Sijui kama ilikuwa pongezi.

Baba ameisoma barua kwa sauti mbele ya cherehani, akaibusu, akatoka nayo nje kwenda kuwaonyesha majirani. Kesho jioni anawaita wote. Nimemwambia si lazima. "Nyamaza!" alisema. "Miaka minne watu wamekuwa wakiniuliza yule msomi wako vipi. Kesho waje wale wanyamaze."

Alhamisi, 30 Mei

Nilimpeleka mama dobi kwenye kile chumba kidogo nyuma ya mapokezi, penye viti viwili na birika. Nikafunga mlango. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu alfajiri, yote yakanitoka.

"Barua yako ilikuwa kabatini, mama. Hapa hapa, ghorofa hii. Mimi ndiye niliyetakiwa kuipeleka mbele. Nilitakiwa kuandika jina la mkubwa chini ya maoni yangu, nikasahau, wakaona limekwisha, likarudishwa. Kwa siku thelathini na tatu za mwisho ni mimi."

Aliipapasa ile barua yake iliyokunjwa. Nikaendelea. "Una haki ya kulalamika rasmi. Nitakuandikia mwenyewe hayo malalamiko, nikueleze na yanapelekwa wapi."

"Utaniandikia wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Halafu yataenda wapi? Kabatini?"

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anauliza.

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo yake, akaivaa tena, akaniangalia vizuri. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia mimi na si mtu wa serikali.

"Umejua lini?"

"Tarehe kumi."

"Mwezi huu?"

"Mwezi huu."

Nikamwona anahesabu. "Kwa hiyo ile Alhamisi uliponisomea barua, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nami nikakushukuru."

"Ndiyo."

"Nikakuombea kwa Mungu, nawe ukaitikia."

"Ndiyo, mama."

Nje ya mlango mtu alikuwa akigonga muhuri, tap, tap, tap. Kisha mama akasema, taratibu, kama anayedai shuka lililopungua, "Basi nirudishie asante yangu."

Sikuelewa. Nikamtazama.

"Mtoto wangu huwezi kunirudishia," alisema. "Hilo nalijua, mimi si mjinga. Lakini ile asante ni yangu. Nilikupa kwa moyo. Niliporudi nyumbani nikawaambia watu kuna binti mmoja pale, Mungu ambariki, angalau yeye. Sitaki ibaki kwako. Nirudishie."

Nikafungua mdomo. Shahada nzima, hakuna mahali nilifundishwa hilo. Mwisho nikasema, "Ichukue, mama. Si yangu." Na niliposema hivyo kitu kilipasuka chini ya mbavu, maumivu hasa, kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi halafu damu ikarudi. Nikashika ukingo wa kiti.

"Nimeichukua," alisema. Akaikunja ile barua mara ya tano, akaitia kwapani, akafungua mlango mwenyewe.

Nimelia pale chumbani. Nimelia ngazini, nimelia njia nzima, watu wakinipisha. Sikuweza kuacha hata nilipokiona kibaraza chetu kimejaa viti na majirani wameshafika, wamevaa vizuri, wameshika bilauri. Nikaingia hivyo hivyo, kamasi na machozi, katikati yao. Mama mmoja akainuka kunishika, akauliza kwa hofu kuna nini, nani amefariki.

Baba akamzuia kwa mkono. Naye macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mwacheni alie," aliwaambia, akitabasamu. "Kazi hii ameitafuta miaka minne."

Wakapiga makofi.